Mpima Pumzi wa Kijito cha Jelenka

Katika bonde lote la Tolmin hakuna mwenye jicho la samaki kama langu. Nasimama darajani tu, nakuambia yule pale ni trauti wa asili, yule ni wa kuja, na yule mama yake alikuwa wa kuja. Mwaka jana nilimwonyesha Zorko Rutar trauti mkubwa ajabu aliyelala chini ya jiwe, nikabishana naye robo saa nzima, mpaka maji yalipomgeuza. Ilikuwa soli ya kiatu cha mtalii.

Zorko hakucheka. Aliingia majini, akaiokota ile soli, akaitia mfukoni.

"Angalau huyu hahitaji kupumua, bibi," alisema.

Basi tuyaache macho yangu. Habari hii ni ya Zorko.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Zorko anashuka ukingo wa kijito cha Jelenka kinyumenyume, kama mtu anayeshuka ngazi ya darini. Ana miaka sitini na mmoja na goti moja bovu. Mabuti yake ya mpira yanamfika mapajani, na la kushoto limezibwa kwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Shingoni amening'iniza kipima oksijeni, kifaa kidogo chenye waya mrefu, na mfukoni ana daftari la shule na penseli.

Kalamu ya wino haifai huku. "Wino hulia ukilowa," anasema.

Anatumbukiza ncha ya waya majini, anausogeza polepole kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa, kisha anasubiri. Namba zinapanda, zinashuka, zinatulia. Anaandika. Tano nukta moja.

Nilimwuliza kama tano nukta moja ni nzuri au mbaya. Aliinua jiwe moja kutoka majini akaligeuza. Zamani chini ya jiwe kama hilo wangejaa wadudu wadogo wa kila aina, wale ambao hukaa penye maji safi tu, wanaotambaa kama wamechelewa kanisani. Sasa kulikuwa na ute wa kijivu, kama pamba iliyolowa.

"Trauti wangu anataka saba kwenda juu," alisema hatimaye. "Kwenye tano anaishi kama wewe ukiwekewa mto usoni. Hufi papo hapo. Ila huwazi kitu kingine."

Anapima alfajiri kwa sababu. Mchana jua linapowaka, majani ya kijani yaliyo majini hutoa pumzi, na namba hupendeza. Usiku majani nayo huvuta, pamoja na kila kiumbe, na ikifika alfajiri hubaki ile pumzi ya kweli tu.

"Mchana maji yanadanganya kama mtu aliyevaa kwenda mjini," alisema Zorko. "Njoo umwone alfajiri, hajanawa uso. Hapo ndipo utamjua."

Samaki anaowalinda ni trauti wa marumaru, samaki wa mito yetu tangu enzi dunia ilipokuwa baridi. Ana michoro ya kijani na kijivu mwili mzima, kama jiwe la altareni. Zaidi ya miaka mia iliyopita watu waliingiza trauti wa kahawia kutoka mbali, wakaoana na wetu, na leo mito mikubwa imejaa machotara.

Jelenka ilisalimika kwa sababu ina maporomoko ya mita kumi na moja, na hakuna samaki anayeyapanda. Juu ya maporomoko hayo umebaki ukoo mmoja ambao haujachanganyika na mwingine. Mbele ya ukoo huo chini ya mlima huu, hata mapadri wetu ni wageni.

Mwaka Zorko alipoanza kuwahesabu, walikuwa mia nne na kumi. Kiangazi kilichopita walikuwa mia mbili na sitini. Mwezi huu amehesabu mia moja na kumi na wanane.

Kazi hii alianza kuifanya bure. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo, na Jumamosi alitumikia saa zake za chama cha wavuvi kama mwanachama yeyote: kuzibua, kubeba, kuhesabu. Kiwanda kilipofungwa, chama kilimpa ajira ya nusu siku. Leo analipwa euro mia sita na arobaini kwa mwezi. Nyuki na viazi humalizia palipobaki, na pasipomalizika mkewe, Milojka, hufuma soksi.

"Nilipoolewa naye alikuwa ananuka mafuta ya mashine," Milojka aliniambia jikoni kwake. "Sasa ananuka samaki. Bibi, kuna mume anayenuka mume?"

"Wangu alinuka tumbaku," nilimwambia.

"Basi ulibahatika."

Alifungua friza anionyeshe. Kati ya mifuko ya maharagwe na soseji ambazo mdogo wake, Ciril, humletea kila mwaka kutoka kwa nguruwe wake wa mlimani, kulikuwa na mifuko ishirini na mitatu iliyoandikwa tarehe kwa penseli. Trauti ishirini na watatu, wote wa mwezi wa Agosti. Zorko aliwaokota wakielea, akawahifadhi kwa ajili ya maabara.

Mmoja alikuwa mkubwa, mrefu kama mkono wangu. Pezi lake la mgongoni lilikuwa limechanika tangu zamani.

"Huyu Zorko alimjua miaka tisa," Milojka alisema, na sauti yake haikuwa tena ya utani. "Kila vuli alimkuta anachimba changarawe palepale, anataga palepale. Siku aliyomleta alimfunga kwa taulo langu zuri. Sikumgombeza. Nilikwenda nje nikapasua kuni."

Kuna jambo litakaloamuliwa Jumatatu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tjaša, mtaalamu wa samaki anayekuja kutoka mji mkuu kwa niaba ya kamati ya uhifadhi, amesema wazi. Miezi miwili mfululizo maji ya Jelenka yamefeli kipimo. Jumatatu atakuja na matangi na nyavu, awatoe samaki wote waliobaki, awapeleke kwenye kijito kingine, na Jelenka ifutwe kwenye orodha ya vijito vinavyolindwa.

Nilikuwepo alipomwambia Zorko. Ni msichana mpole, lakini upole wake una mfupa ndani.

"Mjomba Zorko, mimi sipendi. Lakini siwezi kuwaacha wafie humu nikitazama."

"Wale wa kijito cha jirani, mwaka juzi, uliwahamisha tisini," alisema Zorko. "Masika ulihesabu wangapi walio hai?"

Tjaša alitazama viatu vyake. "Ishirini na mmoja."

"Na hicho kijito kingine kina wenyewe. Ukiwatia wangu humo, wataoana. Miaka kumi hakuna wangu, hakuna wao."

"Basi nipe chanzo," alisema Tjaša. "Nipe kitu kinachochafua, chenye jina, ninachoweza kukizuia. Mwenyewe akikubali kuacha, nawaachia samaki wako mpaka masika. Lakini uchafu usio na mwenyewe, mjomba, siwezi kuuandikia barua."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Kijijini kila mtu alikuwa na mkosaji wake mfukoni. Wenye ng'ombe walisema ni kambi ya mahema ya watalii. Mwenye kambi alisema ni mashimo ya vyoo vya nyumba za juu. Wa nyumba za juu walisema ni Mungu, maana kiangazi kimekuwa kikavu.

Zorko hakubishana na mtu. Alipanda na kijito akigeuza mawe. Kwenye kambi ute upo. Akapita kambi, ute upo. Akapita nyumba ya mwisho, ute upo, tena mnene zaidi. Aliendelea hadi kwenye chemchemi yenyewe, pale Jelenka inapotoka kwenye tumbo la mlima, na ute ulikuwa umetanda mpaka mdomoni mwa jiwe. Akainama akanusa.

"Kulikuwa na harufu gani?" nilimwuliza.

Alijipangusa mikono kwenye suruali, kwanza mmoja, kisha mwingine.

"Ya ndoo ya maziwa iliyosahauliwa juani."

Mlima wetu ni wa chokaa, umetobokatoboka ndani kama jibini la zamani. Juu kabisa, kwenye malisho ya Lom ambako ng'ombe hukaa kiangazi kizima, kuna shimo tunaloliita Koo. Mvua ikinyesha, maji huzunguka yakaingia Kooni yakapotea. Babu zetu walisema Koo hula kila kitu wala halicheui. Humo watu walitupa ndama waliokufa, majiko mabovu, na baada ya vita, vitu ambavyo hakuna aliyetaka vionekane.

Lakini kuna watu wawili waliojua tangu utotoni kwamba Koo hucheua.

Zorko alikuwa na miaka kumi, rafiki yake minane. Walibeba gunia la unga wa mbao kutoka kwa mseremala wakalimwaga Kooni, waone litajaa lini. Kesho yake akina mama waliokuwa wakifua kwenye Jelenka waliinua mashuka yamejaa unga wa mbao kama mkate uliopakwa makombo. Wavulana wote wawili walichapwa, na aliyewachapa alikuwa mama wa yule mdogo.

Yule mdogo ni Ciril Kenda. Leo ana miaka hamsini na tisa, ndiye mtengeneza jibini wa Lom, na ni mdogo wake Milojka, shemeji yake Zorko. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Cha Zorko kilikaa naye meza moja siku ya harusi, kikaimba kuliko wote.

Ciril hukamulia familia kumi na moja. Ng'ombe hamsini na wawili, na kila asubuhi sufuria la shaba linajaa. Jibini likishashikana na kutolewa, hubaki maji yake, ya rangi ya kijani na manjano, matamu kidogo: lita mia nne na hamsini kwa siku. Huko Lom maji hayo ni ya nguruwe tangu zamani. Ndiyo sababu kila kibanda cha jibini kina banda la nguruwe nyuma. Nguruwe hunywa, hunenepa, na majira ya baridi hurudi mezani kama soseji.

Nguruwe wakiyanywa, hayana neno. Yakiingia kijitoni, vijidudu visivyoonekana huyafanyia karamu, na katika karamu hiyo huvuta pumzi yote ya maji. Samaki hubaki nje ya mlango.

"Huenda si yeye," Milojka alisema usiku wa Ijumaa, mikono ikiwa kwenye soksi. "Ciril ana nguruwe wanne. Kila mwaka ananiletea soseji. Unazila!"

"Nazila," alisema Zorko.

"Basi!"

"Basi twende kesho tukamsalimie. Hujapanda Lom kwa viangazi vitatu."

"Goti langu..."

"Na langu. Yatasindikizana."

Nilijialika mwenyewe. Katika umri wangu hakuna anayekukataza. Wanadhani utafia njiani uwaachie nafasi. Gari la maziwa lilitupandisha mpaka ukingo wa malisho, na robo saa ya mwisho tulikwenda kwa miguu.

Njiani Zorko alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mwaka mzima. Hakuwa anakwenda kumshtaki mtu. Alikuwa ameshazungumza na chama: kuna tangi la chuma la lita elfu mbili limelala ghalani bila kazi. Dereva wa gari la maziwa yuko tayari kulishusha likijaa, na mfugaji mmoja wa nguruwe kule bondeni atayachukua maji hayo bila kudai kitu. Wiki mbili tu zimebaki ng'ombe washuke. Anachohitaji ni Ciril aseme, "Ni mimi, na nitaacha," na aandike jina lake chini.

"Hakuna atakayemfungia kibanda?" nilimwuliza.

"Nimemwuliza Tjaša mara mbili. Akijitokeza mwenyewe, hapana. Akikamatwa, ndiyo." Alisimama kupumzisha goti. "Nikipata masika moja tu, bibi. Watage mwezi wa Novemba kwenye changarawe safi, vitoto vitoke mwezi wa tatu. Nataka kuona wajukuu wa yule wa pezi lililochanika. Aliacha watoto, nina hakika. Nikishaviona, hilo daftari nitampa mwingine, mimi nikae na nyuki."

Ciril alitupokea mikono wazi, aproni nyeupe, mashavu mekundu.

"Ala! Dada! Shemeji! Na bibi naye! Nani amekufa?"

"Bado," nilimwambia. "Tumekuja kuchagua."

Alicheka, akatuketisha kwenye benchi mbele ya kibanda, akatuletea viazi vilivyochemshwa na maganda yake, jibini laini, na vikombe vidogo vya pombe ya zabibu-mwitu. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa malishoni, kengele za ng'ombe zinalia kila upande. Milojka akaanza kumenya viazi vya wote, kama dada wakubwa wafanyavyo, maganda akiyatupia kwenye bakuli la bati.

Zorko alikula kiazi kimoja chote ndipo akasema.

"Ciril. Samaki wanakufa."

"Nimesikia. Inasikitisha. Ile kambi ya mahema ningekuwa mimi ningeifunga."

"Ute unaanzia kwenye chemchemi. Juu ya kambi."

"Basi vyoo."

"Juu ya vyoo."

Ciril alijimiminia tena. "Wewe shemeji umekuwa kama daktari wa meno. Sema unataka jino gani."

"Maji ya jibini yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda wapi? Kwa nguruwe! Yamekwenda kwa nguruwe tangu enzi za babu." Alimgeukia dada yake. "Mumeo ameanza kuzeeka, Milojka. Mpe samaki ale, ubongo urudi."

"Lita zote mia nne na hamsini?" aliuliza Zorko. "Kila siku?"

"Nguruwe wanne, shemeji! Umewahi kumwona nguruwe akibakiza? Wanamaliza, wanalamba hori mpaka mbao zinang'aa. Leo asubuhi nusura waning'ate vidole."

Zorko aliweka kisu chake mezani taratibu. Kisha akamweleza yote, bila kupandisha sauti: tangi, gari, mfugaji wa bondeni, neno la Tjaša, Jumatatu. Hakutaja gunia la unga wa mbao. Alisema tu, "Wewe na mimi tunajua Koo linafunguka wapi."

Ciril alitazama milima. Kwa muda nilidhani atasema. Midomo yake ilikwishafunguka. Lakini mtu huyu ana familia kumi na moja mgongoni na cheti cha kibanda ukutani, na hofu ilimfika kabla ya shemeji yake.

"Kama ni mimi ningekwambia," alisema. "Wewe ni ndugu yangu. Naapa kwa kaburi la mama. Hata tone moja halijaingia Kooni. Wale nguruwe wananywa yote."

Zorko aliinamisha kichwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyesoma namba, akatumaini kifaa kimeharibika. Kwa kiapo hicho Jumatatu ilikuwa imeshafika, na matangi ya Tjaša yamejaa.

Milojka alikuwa amemaliza kumenya. Alijipangusa vidole, akachukua bakuli lake la maganda, akainuka kwa kulishika goti.

"Wacha basi niwapelekee hawa maganda," alisema. "Nisije nikapanda mpaka huku nisiwasalimie."

"Acha, dada!" Ciril aliinuka nusu. "Wamelala. Nitawapelekea mimi baadaye."

"Keti, ule. Nguruwe nimewajua kabla yako."

Akazunguka nyuma ya kibanda. Ciril aliketi. Kengele za ng'ombe zililia. Hakuna aliyesikia mguno wala mlio wa nguruwe, na nguruwe wanne wakiona bakuli hunyamaza siku moja tu, ile ya kuchinjwa.

Milojka alirudi polepole kuliko alivyokwenda. Bakuli alilishika kwa mikono miwili. Alifika mbele ya mdogo wake, akaliweka mezani kati ya vikombe. Maganda yalikuwa yote, hayajaguswa. Juu yake, kwenye kiota kidogo cha majani makavu, kulikuwa na mayai saba ya kuku. Nililishika moja. Lilikuwa bado na joto.

"Nimeyatoa horini," alisema Milojka. "Ciril, mdogo wangu, nguruwe wako wametaga."